Bwana Shamba Anaeleza: Vidude Vilivyomo Ndani ya Redio na Sola



Mwezi huu siandiki habari za viazi wala mahindi. Ninaandika habari za vidude vidogo vilivyomo ndani ya redio yako na ndani ya taa yako ya sola. Usicheke. Kazi ya bwana shamba ni kutembea vijijini, na siku hizi kila ninapofika naulizwa mambo mawili. La kwanza ni bei ya mbolea. La pili ni hili: "Bwana shamba, taa zangu za sola haziwaki. Nifanyeje?"

Mimi si fundi wa redio. Nina cheti cha kilimo. Lakini nimekaa sana vibarazani kwa mafundi wa Njombe na Makambako nikisubiri gari, nikauliza, nikaonyeshwa. Na nimeona jambo moja lililonitia hofu. Katika nyumba moja ya mbao, yenye mahindi makavu darini, nilikuta fyuzi ya sola imetolewa. Mahali pake pamewekwa kipande cha waya. Mwenye nyumba akaniambia, "Ile fyuzi ilikuwa inakatika kila mara. Waya haukatiki."

Kweli, waya haukatiki. Hapo ndipo hatari ilipo. Basi tuanze na fyuzi.

FYUZI

Fyuzi ni uzi mwembamba wa madini uliofungwa ndani ya kioo au plastiki. Kazi yake ni kufa. Umeme ukipita mwingi kuliko kipimo, uzi ule huyeyuka na njia ya umeme hukatika. Fyuzi imekufa, nyumba imepona.

Betri ya sola ya volti 12 haimrushi mtu akiigusa, kwa hiyo watu huidharau. Lakini waya wa (+) ukigusana na waya wa (–), betri kubwa humwaga umeme wake wote mara moja. Waya hugeuka mwekundu kama kaa la moto. Plastiki yake huwaka. Kama waya umepita kwenye mbao au karibu na nyasi, utazima moto kwa ndoo wakati maji yako yako bondeni.

Kwa hiyo fyuzi ikikatika mara kwa mara, jiulize kwa nini. Labda panya ametafuna waya. Labda umeongeza taa na redio kuliko ulivyopanga mwanzo. Kuna hesabu ndogo ya kuchagua fyuzi. Jumlisha wati za vyombo vyako. Taa 3 za wati 5 ni wati 15. Redio ya wati 9, jumla ni wati 24. Gawanya kwa volti 12. Unapata ampea 2. Nunua fyuzi ya ampea 3. Dukani wakikosa ya 3, chukua ya 5. Usikubali kupewa ya 30 kwa sababu tu ndiyo iliyopo. Ifunge karibu na betri, kwenye waya wa (+).

Nimetaja volti, ampea na wati. Twende kinyunguni tukaelewane.

UMEME NA MAJI YA KINYUNGU

Wewe unayelima vinyungu unajua maji. Chemchemi ikiwa juu, maji husukuma kwa nguvu. Msukumo huo ndio volti. Mfereji ukiwa mpana, maji mengi hupita. Wingi huo ndio ampea. Mfereji ukiwa mwembamba au umejaa mawe, maji hupita kwa shida. Shida hiyo hupimwa kwa om. Wati ni kazi yote inayofanyika: zidisha volti kwa ampea.

Mfano huu ni mzuri, lakini una mwisho wake. Ukikata mfereji, maji humwagika. Ukikata waya, umeme haumwagiki. Husimama. Umeme hautembei mpaka uwe na njia ya kwenda na njia ya kurudi ulikotoka. Ndiyo maana kila taa ina waya mbili. Swichi ni mahali ambapo tumekata njia kwa makusudi, ili tuiunge tunapotaka. Njia hiyo ya kwenda na kurudi mafundi huiita saketi.

Sasa, ndani ya saketi tunaweka vidude. Kila kidude hufanya jambo moja kwa umeme unaopita. Tuvitazame.

REZISTA

Rezista ni kidude kidogo, kirefu kama punje ya mpunga au kikubwa kidogo kuliko hapo. Kina miguu miwili na mistari ya rangi tumboni. Kazi yake ni kuubana umeme, kama jiwe unaloweka mferejini ili maji yasibomoe tuta la miche.

Chukua taa ndogo nyeupe ya LED, ile yenye ukubwa wa harage. Inataka volti 3 hivi, na umeme mdogo sana, ampea 0.02. Ukiiunga moja kwa moja kwenye betri ya volti 12, itawaka kwa ukali mara moja na kufa. Volti 9 zimezidi. Lazima zibanwe. Chukua 9, gawanya kwa 0.02. Unapata 450. Basi unahitaji rezista ya om 450. Dukani utapata ya om 470, nayo inafaa.

Utaijuaje? Soma mistari. Kila rangi ni tarakimu. Nyeusi ni 0, kahawia 1, nyekundu 2, rangi ya chungwa 3, manjano 4, kijani 5, bluu 6, zambarau 7, kijivu 8, nyeupe 9. Mistari miwili ya kwanza ni tarakimu mbili. Mstari wa tatu unasema uongeze sifuri ngapi. Manjano, zambarau, kahawia: 4, 7, sifuri moja. Ni 470. Mstari wa mwisho, mara nyingi wa rangi ya dhahabu, huonyesha kipimo kinaweza kupungua au kuzidi kwa kiasi gani. Hizo ni rezista za mistari minne. Zipo pia za mistari mitano, na hizo husomwa kwa tarakimu tatu kwanza.

Umeona? Wewe uliyejifunza kusoma herufi, sasa unasoma na rangi.

DAYODI

Dayodi ni mlango wa njia moja. Umeme huruhusiwa kwenda, hauruhusiwi kurudi. Bomba lako la mgongoni la kupulizia dawa lina vali ndani. Ukisukuma mpini, dawa huenda mbele. Ukiuvuta, dawa hairudi nyuma. Dayodi hufanya hivyo kwa umeme.

Kwenye dayodi ndogo utaona mstari mmoja upande mmoja. Umeme huingia upande usio na mstari na kutoka kwenye mstari. Mlango huu hutoza ushuru: dayodi ya kawaida hula volti 0.7 hivi kila umeme unapopita.

Inatusaidia nini? Kwanza, usiku. Mchana jua linapowaka, paneli ya sola husukuma umeme kuingia kwenye betri. Usiku paneli imelala. Bila mlango, umeme wa betri unaweza kuanza kurudi kidogo kidogo kwenye paneli, kama maji ya pipa yanavyorudi kwenye mpira ulioachwa chini. Dayodi huuzuia.

Pili, makosa ya mikono. Mtu hununua betri Makambako, pale barabara ya Songea inapoachana na barabara kuu ya kwenda Mbeya. Anafika nyumbani usiku. Kwa haraka anaunga (+) penye (–). Redio nyingi za gari zina dayodi iliyowekwa kwa ajili ya siku kama hiyo. Dayodi huupokea umeme uliokosea njia, fyuzi hukatika, na pengine dayodi yenyewe hufa. Redio iliyobaki ni nzima. Lakini mwenye redio akikutana na fundi asiye mwaminifu, ataambiwa redio yote imekufa. Atauza debe la mahindi kununua nyingine, na ile ya kwanza atamwachia fundi bure. Dayodi moja ni kitu cha bei ndogo sana. Ndugu msomaji, hapa ndipo ujinga unapogharimu fedha.

Jambo la kushangaza kidogo: taa ya LED nayo ni dayodi. Ukiigeuza haiwaki. Na paneli ya sola imetengenezwa kwa jamaa wa dayodi. Vijisahani vyake ni vya silikoni, kitu kinachotolewa kwenye mchanga. Kimoja hupewa umeme kikatoa mwanga. Kingine hupewa mwanga kikatoa umeme.

KAPASITA

Kapasita ni pipa dogo la umeme. Hujaa upesi na hutoa upesi. Betri ni bwawa, kapasita ni ndoo.

Redio inayotumia umeme wa TANESCO huihitaji sana. Umeme ule hugeuka huku na huku mara 50 kwa sekunde. Dayodi huulazimisha uende upande mmoja, lakini bado huja kwa mapigo, kama maji ya pampu ya mkono. Kapasita hupokea kila pigo na kutoa umeme taratibu, ukiwa umetulia.

Kapasita kubwa, zile zenye umbo la kopo, huwa na umajimaji ndani. Miaka ikipita, na joto likizidi, hukauka au huvimba kichwa. Ndipo redio huanza kuvuma "mmmmm" hata stesheni ikiwa safi. Basi ukisikia mvumo huo, mwambie fundi aanze na kapasita.

Onyo moja. Kapasita huweza kushika umeme hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Ndani ya televisheni kapasita inaweza kukurusha vibaya. Tangu Wakala wa Nishati Vijijini, yaani REA, uanze kazi mwaka 2007, nguzo za umeme zimefika vijiji vingi. Umeme huo ni wa volti 230, nao unaua. Chombo cha ukutani mwachie fundi. Haya ninayokufundisha ni ya betri na sola.

Kapasita ina kazi nyingine ndani ya redio. Ukizungusha kitufe cha kutafuta stesheni kwenye redio ya zamani, unasogeza vibati vya kapasita. Kapasita hiyo hufanya kazi pamoja na koili, yaani waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi. Viwili hivi hubembea kama mtoto kwenye bembea. Kila stesheni ina mwendo wake wa kubembea. Ukipata mwendo wa TBC Taifa, redio hushika TBC Taifa na kuziacha nyingine zipite.

TRANSISTA

Sasa tumefika kwa mkubwa wao, ingawa kwa umbo ni mdogo. Transista ya kawaida ina miguu mitatu. Fikiria lango la mfereji mkuu. Mtoto anaweza kulisogeza kwa kidole, na maji mengi yakafuata kidole chake: akisogeza kidogo yanapita kidogo, akisogeza zaidi yanapita zaidi. Mguu mmoja wa transista ndio kidole cha mtoto. Miguu miwili iliyobaki ndiyo mfereji mkuu.

Sauti inayofika kwenye redio yako kutoka hewani ni dhaifu mno. Haiwezi kusukuma spika. Transista huifanya sauti hiyo dhaifu isogeze lango, na umeme mwingi wa betri hufuata mwendo uleule. Umeme huo huingia kwenye koili ya spika iliyo karibu na sumaku, karatasi ya spika hutikisika, nawe unasikia bei za mazao. Angalia vizuri: nguvu hazitoki kwenye transista. Zinatoka kwenye betri. Ndiyo maana betri ikichoka sauti hukwaruza, hata kama redio haina ubovu wowote. Na asubuhi ya Julai huku kwetu, betri ikiwa baridi, huchoka mapema zaidi.

Transista ilibuniwa Marekani mwezi Desemba 1947, katika maabara za Bell. Wabunifu ni John Bardeen, Walter Brattain na William Shockley. Mwaka 1956 walipewa Tuzo ya Nobel. Kabla ya hapo redio zilitumia vali za kioo, ambazo zilipata moto na kula umeme mwingi. Transista ndiyo iliyoifanya redio iwe ndogo, iridhike na betri kavu chache, na ifike kwa urahisi kijiji kisicho na nguzo hata moja.

Wazee wa hapa wanakumbuka. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima karibu milioni 2 nchini walikutana katika vikundi, wakasikiliza vipindi vya Radio Tanzania, wakasoma kitabu pamoja, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Jaribu kufikiria kazi hiyo kwa redio za vali, vijijini, bila umeme. Ingekuwa ngumu sana.

KONTROLA YA SOLA

Nimeacha hii mwisho kwa sababu ndani yake vidude vyote vinakutana, na kwa sababu ndicho kitu ambacho watu wengi hukwepa kununua.

Paneli wanayoiita ya volti 12 haitoi volti 12. Juani husukuma volti 18 hivi. Betri ya asidi ya volti 12 haitaki kupandishwa zaidi ya volti 14 na nusu hivi. Ukiiunga paneli moja kwa moja, betri ikijaa huendelea kusukumwa. Maji yake huchemka na kupungua, na betri hufa kabla ya wakati wake. Kontrola huzuia hilo. Ndani yake rezista husaidia kupima volti, na transista hufunga lango betri inapojaa.

Usiku kontrola hufanya kazi ya pili. Betri ikishuka karibu na volti 11, hukata taa. Hapo mwenye nyumba hukasirika. "Kontrola mbovu hii!" Anaziunga taa moja kwa moja kwenye betri, na kweli zinawaka tena. Baada ya miezi michache betri haishiki umeme kabisa. Alikuwa anakamua ng'ombe mpaka damu.

Kama kontrola yako inakata taa mapema kila usiku, tazama paneli kwanza. Baridi ya Njombe haiidhuru paneli. Paneli hufanya kazi vizuri zaidi ikiwa haijapata moto. Kinachoidhuru ni ukungu, vumbi na kivuli. Vijisahani vya paneli vimeungwa kwa mstari, kimoja baada ya kingine. Tawi moja la mti likiweka kivuli kwenye pembe moja, linaweza kupunguza sana umeme wa paneli nzima, kama jiwe moja linavyoziba mfereji wote. Parachichi uliyopanda miaka minne iliyopita imekuwa ndefu. Kata tawi, au hamisha paneli. Uifute kwa kitambaa chenye maji, asubuhi kabla jua halijawa kali.

UKIENDA KWA FUNDI

Usiseme tu, "Imekufa." Sema dalili, kama unavyomwambia mganga wa zahanati. Inavuma? Inawaka kisha inazima? Ilikufa baada ya kubadilisha betri? Kisha muulize: kidude gani kimeharibika, na kazi yake ni nini? Fundi mwema atafurahi kukueleza. Mwombe akurudishie kidude cha zamani. Ni chako.

Na kama una redio ya betri iliyokufa, imetupwa darini, itoe. Ondoa betri zake kwanza. Fungua parafujo, waite watoto, muitazame pamoja. Tafuteni chenye mistari ya rangi, chenye mstari mmoja, kopo dogo, chenye miguu mitatu, na waya uliozungushwa. Mkipata rezista, someni om zake na kuziandika kwenye daftari. Daftari hilo nitaliomba nikipita kijijini kwenu.

Mwezi ujao tutarudi shambani. Tutazungumzia mnyauko wa viazi, maana mvua ikianza maswali yatakuwa mengi.